Rais aliyeshindwa na herufi

Theodore Roosevelt alikwenda kupigana Cuba akarudi shujaa, akalitwaa eneo la Mfereji wa Panama, lakini tahajia ya Kiingereza ilimshinda.

Tarehe 27 Agosti 1906, akiwa mapumzikoni Oyster Bay, New York, rais huyo wa Marekani alimwagiza mpiga chapa mkuu wa serikali aanze kuandika maneno 300 kwa namna mpya. *Through* liwe *thru*, *kissed* liwe *kist*. Orodha ilitoka kwa bodi iliyoundwa mwaka huohuo kwa fedha za Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, aliyeamini kuwa Kiingereza kingeenea duniani kote kama kingepunguza kuwatesa wanaojifunza.

Mateso hayo ni ya siku nyingi. William Caxton alipopeleka mtambo wa chapa Uingereza mwaka 1476, maandishi yalianza kuganda huku matamshi yakiendelea na safari yake. Herufi *k* ya *knife* ilikuwa ikitamkwa kweli; sauti ikafa, herufi ikabaki. Kisha wakaja wasomi wenye mapenzi na Kilatini. *Debt* lilitoka Kifaransa bila *b*, wao wakaichomeka ili ukoo wa Kilatini uonekane. *Island* walilipa *s* kwa kosa tupu, maana neno hilo wala si la Kilatini. Leo mtoto wa Machakos au Morogoro anakoseshwa alama kwa ajili ya majivuno ya watu waliokufa zamani.

Roosevelt alidhani amri ingetosha. Magazeti yalimcheka, Courier-Journal la Louisville likamwandika "Rucevelt". Alipokagua manowari Septemba, boti ya waandishi wa habari ilimpita ikiwa na maandishi "Pres Bot". Naye akacheka. Mahakama ya Juu ikakataa kumfuata, na Desemba wabunge wakapiga kura 142 kwa 24 kurudisha tahajia ya zamani. Rais akaifuta amri, akabaki na *thru* yake katika barua zake binafsi. Carnegie alifariki mwaka 1919 bila kuiachia bodi hata senti.

Waswahili tumezoea jambo hili kutatuliwa na kamati: iliundwa moja mwaka 1930, ikasanifisha tahajia, tukafuata. Kiingereza hakijawahi kuwa na mwenye kauli kama hiyo. *Thru* liliingia lenyewe, bila kupita Ikulu, na sasa limejaa kwenye vibao vya mikahawa inayowauzia watu chipsi wakiwa ndani ya magari.