Bega la muzee mwenye kuvuta upinde: namna ya kuishi na maumivu

Wazee wengi waliovuta upinde tangu ujana wanajua maumivu haya. Mukono ukipita usawa wa sikio, bega linachoma. Usiku, ukilalia upande ule, usingizi unakatika. Kisha muzee anaegemeza upinde kwenye kona ya nyumba, ananyamaza, anasema: ni miaka tu.

Miaka iko na sehemu yake, lakini si yote. Mabega mengi ya namna hii yanapata nafuu bila operesheni, kama mwenyewe anakubali kupunguza kazi ya bega bila kuiacha kabisa.

Upinde kwetu

Katika pori la Ituri, Waefe ndio wanaojulikana kwa kuwinda na upinde, wakati Wambuti wengine wanatumia zaidi nyavu. Pinde zao ni fupi. Mishale ya chuma ni ya swala wadogo, na mishale ya sumu ni ya tumbili walio juu ya miti. Huku Kivu Kaskazini, parke ya Virunga iliundwa mwaka 1925, na kuwinda ndani yake kumekatazwa. Hata hivyo, kwa familia nyingi upinde umebaki heshima ya muzee na somo kwa watoto. Ndiyo maana bega likikataa, muzee anaona kama amepoteza zaidi ya mukono.

Ndani ya bega kunatokea nini?

Bega ni mufupa wa mviringo unaokaa kwenye shimo lisilo refu. Ndiyo maana linazunguka kuliko viungo vingine vyote. Kinacholishikilia zaidi ni misuli 4 midogo na kano zake. Kuanzia miaka 40 hivi, kano hizo zinaanza kuchakaa. Kuna wazee ambao kano imepasuka na hawasikii hata maumivu.

Upinde unachosha mikono yote miwili: mumoja unasukuma, mwingine unavuta. Kazi ngumu zaidi ni kulenga juu, kwa sababu kiwiko kikipanda juu ya bega, kano zinabanwa chini ya mufupa. Ongeza hapo kukata kuni, kupanda muti na kubeba bidoni ya litre 20, ambayo ni kilo 20.

Jipime kidogo

Inua mukono wako mwenyewe pole pole. Kisha ulegeze, mutoto wako aunyanyue taratibu, bila nguvu.

Kama wewe unashindwa lakini yeye anaufikisha juu, inawezekana kano imepasuka au musuli umechoka sana. Kama hata yeye anashindwa kwa sababu bega limekaza, inawezekana bega limeganda. Hilo linakamata zaidi watu wa miaka 40 mpaka 60 na wenye ugonjwa wa sukari, na linaweza kuchukua mwaka 1 mpaka 3 kulegea. Jibu la kweli atatoa munganga, lakini utaenda kwake ukijua cha kumuelezea.

Nyumbani ufanye nini?

Kwa wiki 2 au 3, acha kuvuta upinde na kubeba juu ya kichwa. Lakini usifunge mukono na kitambaa siku nzima: bega lisilosogea linakaza. Kitambaa cha maji ya moto ya kadiri, dakika 15, kinasaidia. Usiku lala chali au upande muzima, na uweke nguo iliyokunjwa chini ya mukono unaouma.

Kisha fanya mazoezi haya mara 2 kwa siku, kila moja mara 10:

1. Inama, shika meza na mukono muzima. Mwingine uninginie, uzungushe miduara midogo.
2. Simama mbele ya ukuta, vidole vipande pole pole mpaka pale maumivu yanapoanza, kisha vishuke.
3. Rudisha mabega nyuma kama unataka mifupa ya mugongo wa juu ikutane. Hesabu mpaka 5, legeza.
4. Maumivu yakipungua, funga kipande cha mupira wa ndani wa kinga kwenye muti. Kiwiko kigandane na mbavu, vuta mukono uende inje.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si mabaya. Lakini kama usiku yanazidi, punguza. Usitegemee ajabu ya siku 3: hesabu wiki 6 mpaka 12.

Dawa: angalia sana

Kwa mutu mwenye ini zima, paracetamol inatosha mara nyingi. Diclofenac, ibuprofen na indomethacin, ambazo watu wananunua kwa kidonge kimoja kimoja, zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, zaidi kwa wazee na wenye tansiyo. Dexamethasone inapandisha sukari. Usichanganye, na usichomwe sindano bila kupimwa. Na kuchanjwa bega na wembe uliotumiwa na wengine kunaweza kuleta UKIMWI, hepatiti B au tetanosi.

Wakati gani usingoje?

Enda hospitali siku ileile kama maumivu ya bega yanakuja na kifua kubanwa, jasho au kukosa pumzi: inaweza kuwa moyo. Vilevile kama bega limevimba, ni moto na una homa, au kama umeanguka na mukono haupandi tena. Kukonda, homa ya jioni na maumivu yasiyotulia hata ukipumzika vinaomba upimwe kifua kikuu na magonjwa mengine. Kama wiki 6 za mazoezi hazikusaidia, tafuta munganga wa mazoezi ya viungo, yule tunayemuita kine. Hapa Goma, kituo cha Shirika la Umoja kinafanya kazi hiyo.

Kurudia upinde

Rudi na upinde mulegevu kuliko ule wa zamani. Kuvuta upinde mugumu hakumuongezei muzee heshima. Pasha mwili kwanza. Shusha bega, vuta na mugongo, usivute na mukono peke yake. Lenga chini ya usawa wa bega. Mishale 10, pumzika, siku inayofuata acha.

Na kama bega limekataa kabisa? Katika uwindaji wa Waefe wa kikundi na mbwa, kazi si ya mwenye kupiga mushale peke yake: wengine wanafukuza, na mwenye mbwa naye anapata sehemu ya nyama. Muzee anayejua kuchonga upinde, kunyoosha mushale na kusoma nyayo bado yuko ndani ya kazi. Wajukuu wanahitaji macho yake na mudomo wake. Bega lipewe ruhusa ya kupumzika.