Sekunde 0.03

Nimekulia Kilindoni nikisimuliwa habari za John Stephen Akhwari, na nikiri: zilikuwa zikiniudhi. Mexico, Oktoba 20, 1968. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, keshamaliza zaidi ya saa nzima; Akhwari, goti limefungwa bendeji, ndiyo kwanza anaingia uwanjani akichechemea. Eti tusifiwe kwa kumaliza tu? Mbona Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, akiongoza tangu mwanzo, hatumtaji hivyo?

Ikaja Septemba 15, 2025. Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros wakavuka mstari kwa muda uleule: saa 2, dakika 9, sekunde 48. Picha ikaamua, kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Barazani kelele tupu. Mzee mmoja akasema tu, “Hakulegeza mpaka mstari.”

Hapo ndipo nilipoielewa Mexico. Kumbe somo ni lilelile: mbio haziishi mpaka uvuke mstari. Akhwari alilitii bila medali. Simbu likampa dhahabu.