Daftari la Kifua Kikuu

Sisi makatekista twajua kazi ya daftari. Mtu akibatizwa jina lake huandikwa. Akifunga ndoa parokia nyingine, habari hurudishwa katika kitabu kile kile cha kwanza, hata miaka thelathini ikipita. Ndiyo sababu kazi ya Karel Styblo hatuioni kuwa ngeni.

Styblo alikuwa daktari wa Czechoslovakia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungwa katika kambi ya Mauthausen, akapata kifua kikuu, akapona. Miaka ya 1970 ilipokuwa ikielekea mwisho, alikwenda kusaidia Tanzania kuupiga vita ugonjwa ule ule. Dawa zilikuwako. Streptomisini ilikwisha gunduliwa mwaka 1943, na majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Afrika ya Mashariki yalikuwa yameonyesha kwamba miezi sita yaweza kutosha, ikiwa rifampisini imo. Basi mbona watu waliendelea kufa? Mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki chache, kikohozi chapungua, hamu ya chakula yarudi, naye aona safari ya hospitali ni kujichosha bure. Vijidudu vilivyobaki huamka, na pengine dawa za kwanza haziviwezi tena.

Styblo alitegemea daftari la wilaya. Makohozi yapimwe kwa hadubini, jina liandikwe, miezi ya kwanza dawa imezwe mbele ya mhudumu. Kisha wote walioandikwa katika miezi mitatu wafuatwe pamoja: nani amepona, nani amekufa, nani ameacha, nani amehamia kwingine. Kila jina lipate jibu. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa hatari ya dunia nzima, na baadaye likaueneza utaratibu huo kwa jina la DOTS.

Kwetu Katoyi neno gumu ni lile la kuhamia kwingine. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipotapika moto, watu wa Goma walivuka kwenda Gisenyi kwa maelfu. Nani alikumbuka kuomba barua ya uhamisho? Vita navyo havitoi taarifa. Mkimbizi aliyekatizwa dawa asione haya: aende kituo cha afya kilicho karibu, na kama kadi imepotea, aseme alikuwa amefika mwezi wa ngapi na alikuwa akitibiwa wapi. Huko jina lake bado limo daftarini, halina jibu.