Kufunga Safari ya Mwambao wa Tanganyika, 1858–1876

Utangulizi

Mtu aliyeko Kinsevere, kilomita 30 hivi kaskazini ya Lubumbashi, akitaka kwenda kuuona mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, huanza kwa kuuliza maswali matatu. Je, njia inapitika? Je, posho itatosha? Na nani anaijua njia? Barabara inayopitia Pweto hadi Kalemie huwa na sura moja wakati wa kiangazi na sura nyingine kabisa wakati wa mvua, na milima ya Marungu, inayoteremka hadi majini, haimwonyeshi mgeni uzuri wake bila kumtoa jasho. Maswali haya matatu hayakuanza na magari. Waliyauliza pia wasafiri wa karne ya 19, na majibu waliyoyapata ndiyo yaliyoamua nani angefika na nani angerudi njiani.

Katika makala haya tunakusudia kuzichunguza safari chache za mwambao huo, kuanzia mwaka 1858 hadi 1876. Hoja yetu ni kwamba historia iliyozoeleka imewapa sifa wageni walioandika vitabu, ilhali sehemu kubwa ya mpango wa safari ilikuwa mikononi mwa wenyeji: wenye vyombo, wapagazi, wapiga makasia na viongozi.

Neno pwani

Kabla ya kuendelea, inafaa tulitazame neno lenyewe. Pwani ni mahali maji yanapokupwa. Ziwa Tanganyika halipwi na kujaa kila siku kama bahari. Kwa hiyo mtu angeweza kudai kwamba neno hilo halilifai. Hata hivyo, ziwa hili hupwa na kujaa kwa miaka. Katika miaka ya 1870 maji yalikuwa yakipanda. Mwaka 1874 Cameron aliuona mlango wa Lukuga umezibwa na majani, akashikilia kwamba huko ndiko ziwa linakotokea. Stanley alifika hapo mwaka 1876, akaona kwamba maji bado hayajapata njia kamili. Miaka michache baadaye kizuizi kilikwisha kubomoka, maji yakawa yakienda kwa nguvu kuelekea Kongo, na ziwa likaanza kupwa. Katika miaka hii ya 2020 limejaa tena na kuingia katika nyumba za watu wa Kalemie na Uvira. Mpango wa safari ya mwambao huu, basi, hauwezi kutegemea ramani peke yake, kwani mstari wa maji uliochorwa jana huenda leo usiwepo.

Chombo

Burton na Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Walikuwa na barua, vipimo na bidhaa, lakini hawakuwa na chombo. Mwezi wa Machi Speke alivuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge kumwomba Hamed bin Suleyim amkodishie jahazi. Alipewa ahadi, akarudi mikono mitupu. Mwezi wa Aprili wakaenda kaskazini kwa mitumbwi miwili, na walipofika Uvira wapiga makasia wakakataa kuendelea. Wageni hao wakalazimika kusadiki maneno ya wana wa mtemi wa huko, walioeleza kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki humo. Maneno hayo yalikuwa kweli, lakini Ulaya iliendelea kubishana juu yake mpaka Livingstone na Stanley walipokwenda kuuona mto huo mwishoni mwa mwaka 1871.

Livingstone alichagua njia ya miguu katika safari yake ya mwisho. Alipofika ziwani tarehe 8 Oktoba 1872, aliufuata mwambao wa mashariki kuelekea kusini akiwa na wapagazi aliopelekewa na Stanley. Joto na vilima vya ufuoni, kupanda na kushuka siku baada ya siku, viliwachosha watu na kumdhoofisha yeye mwenyewe. Hapa tunajifunza kwamba mwambao unaopendeza ukitazamwa kutoka majini huweza kuwa adhabu kwa anayeupita kwa miguu.

Stanley alikuja na mashua yake, Lady Alice, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande. Vipande hivyo vilibebwa mabegani mwa watu tangu Bagamoyo, Novemba 1874. Hata hivyo mashua hiyo haikutosha. Alipoondoka Ujiji tarehe 11 Juni 1876, ilisindikizwa na mtumbwi mkubwa ulioitwa Meofu, ambao Mwinyi Kheri, mkuu wa Ujiji, alimwazima. Alilizunguka ziwa kwa siku 51, mwendo wa maili zipatazo 810.

Posho na mzigo

Katika Kiswahili safari hufungwa. Msemo huu unatukumbusha mzigo: kitambaa cha merikani na kaniki, shanga na masango, vyote vikifungwa kwa uzani ambao bega la mtu mmoja linauweza. Mwenye kupanga alipaswa kujua shanga ya rangi gani inakubaliwa wapi. Ujiji, mathalani, watu walitumia sofi, shanga zilizofanana na vipande vya kiko, kama fedha sokoni. Shanga isiyotakiwa na watu wa nchi ilikuwa uzito mtupu.

Lakini mzigo una mbebaji. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, Tippu Tip anasimulia jinsi alivyokosa wapagazi, akawakamata watu wa Uzaramo na kuwatia minyororo ili wabebe. Anasimulia jambo hilo kama sehemu ya kawaida ya matengenezo ya safari. Msomaji wa leo hana budi kusimama hapo. Mpango uliofanikiwa kwa mwenye bidhaa ulikuwa msiba kwa waliofungwa pamoja na mizigo.

Viongozi

Tumebakiwa na swali la tatu. Stanley, kwa mkono wake mwenyewe, anawataja viongozi wawili waliomwonyesha njia mwaka 1876. Mmoja ni Ruango, aliyewaongoza yeye na Livingstone kaskazini mwaka 1871. Wa pili ni Para, aliyekuwa kiongozi wa Cameron mwaka 1874. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Wageni watatu waliandika vitabu vitatu, na kila mmoja akahesabiwa kuwa mvumbuzi. Kumbe maarifa ya rasi, ya upepo, ya mahali pa kulala na ya watemi wa kusalimiwa yalikuwa kwa watu walewale wawili, waliokuwa wakiyahamisha kutoka mashua hii hadi nyingine.

Huenda mtu akasema kwamba Para na Ruango hawakupima wala hawakuchora. Ni kweli. Lakini aliyechora alichora alikopelekwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba chombo, posho na kiongozi ndivyo vilivyokuwa nguzo za safari ya mwambao, na kwamba nguzo zote tatu zilisimama juu ya wenyeji. Hili linatuhusu sisi wa chuo kikuu. Wanafunzi wetu wanapokwenda Moba au Kalemie kukusanya maneno na masimulizi, nao huongozwa: na dereva, na mvuvi, na mama anayewapokea kwake na kuwafasiria. Majina yao hayaonekani katika tasnifu. Tunapendekeza kwamba kila ripoti ya utafiti, kwa idhini yao, iwataje walioonyesha njia, ieleze walilipwa nini, na ibainishe ni maarifa gani yametoka kwao. Stanley alituachia walau majina mawili. Haifai sisi tuache pungufu ya hapo.