Wanga Haba, Wala Si "Kabohaidreti ya Chini"

Imekuwa ada siku hizi katika maandishi ya tiba kumwasa mwenye maradhi ya kisukari afuate "lishe ya kabohaidreti ya chini", nami kila niisomapo ibara hiyo hujiuliza kabohaidreti hiyo iko chini ya nini, ya kitanda au ya mkeka. Bei huwa ya chini, na kiwango huwa cha chini, kwa kuwa hivyo hupanda na kushuka. Ama chakula hakishuki ila kooni, na kikipungua huitwa haba.

Na hilo jina la kabohaidreti tunalolazimishwa kulitukuza, asili yake ni carbo ya Kilatini, ndiyo makaa, na hydor ya Kiyunani, ndiyo maji, kwa sababu wanakemia wa Ulaya wa karne ya 19, walipopima vitu hivi wakakuta haidrojeni na oksijeni kwa kadiri ileile ya maji, walidhani kuwa ni kaboni iliyoshikamana na maji, dhana ambayo wenyewe waliiacha zamani. Ilhali sisi tunao wanga, unga mweupe wa mizizi uliopikiwa uji, ndio huohuo dobi aliokazia kanzu ya Ijumaa. Wapo wastahiki wa kamati ya istilahi wanaohofu kuwa msomaji atadhani wanatajwa wachawi, kana kwamba Mswahili hajui kupambanua mwanga na uji. Na wapo wanaohoji kuwa sukari na asali si wanga. Hoja hii ya pili ina uzito, lakini mafuta nayo yalianza kwa nazi na ufuta, kisha yakaenea hadi kwenye taa na motokaa, na hakuna kamati iliyokutana kuyazuia. Fauka ya hayo, wanga ukishaliwa hugeuka sukari mwilini, na hilo ndilo muradi wa tabibu.

Na mlo wenyewe wa wanga haba ni mwepesi kuufuata: ugali, wali, chapati na muhogo vipungue, ili sukari ya damu isipande mno. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993 ulithibitisha, ingawa kwa njia ya insulini, kwamba sukari ikidhibitiwa, madhara ya macho, figo na mishipa ya fahamu hupungua sana. Na Richard Bernstein, mhandisi wa Marekani aliyeugua kisukari tangu utotoni kisha akasomea utabibu, aliamuru gramu 6 za wanga asubuhi, 12 mchana na 12 usiku. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze wanga pasipo tabibu kumpimia dawa upya, asije akazimia.

Nawasihi basi watunzi wa vitabu vya afya waandike "mlo wa wanga haba". Na wastahiki wa kamati, ambao niliwapelekea hoja hizi kwa maandishi nao wakanyamaza, wakipata wasaa waijibu barua yangu.