Pai ya Kuku: Nani Anajua Kilichomo Ndani?

Chakula kilichofunikwa kwa unga humtaka mlaji amwamini mpishi. London ya karne ya 14 ililijua hilo vizuri. Mwaka 1379 wakuu wa jiji walitoa amri kali dhidi ya waoka pai, waliolaumiwa kwa kuficha ndani ya ganda nyama ya sungura, bata bukini na matumbo ya ndege, nyingine ikiwa imeanza kunuka. Mwaka mmoja kabla yake jiji lilikuwa limepanga bei: kuku jike bora aliyeokwa ndani ya ganda aliuzwa peni 5, na jogoo aliyehasiwa peni 8. Asiyemwamini muuzaji aliweza kupeleka jogoo wake mwenyewe akalipia unga, moto na usumbufu kwa peni moja na nusu. Kwa maskini wa mjini, ambao wengi wao hawakuwa na tanuri, hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Matajiri nao waligeuza usiri huo kuwa mchezo. Mnamo 1626 hivi, katika karamu iliyoandaliwa kwa ajili ya Mfalme Charles I na malkia wake, ganda la pai lilifunguliwa, na aliyetoka humo hakuwa kuku bali mtoto mbilikimo, Jeffrey Hudson. Malkia alimchukua akaishi naye katika jumba la kifalme. Mchezo wenyewe, kwa maoni yangu, ulikuwa wa kikatili.

Pai iliyotulia mezani kwa familia tunaiona vizuri zaidi ng'ambo ya Atlantiki. Amelia Simmons, aliyechapisha kitabu chake cha mapishi huko Hartford, Connecticut, mwaka 1796, hakuwa na ubahili. Pai yake ilitaka kuku sita na ratili moja na nusu ya siagi, vikapangwa tabaka kwa tabaka ndani ya bakuli refu lililotandikwa unga wenye unene wa inchi moja, kisha vikafunikwa na kuokwa kwa saa moja na nusu. Mwenye tanuri dhaifu alishauriwa achemshe kuku kwanza. Karoti na njegere, ambazo leo wengi hudhani haziwezi kukosekana, hazimo. Mwaka 1827 mwandishi Sarah Josepha Hale, katika riwaya yake *Northwood*, aliiweka pai ya kuku miongoni mwa vyakula vya lazima vya sikukuu ya Shukrani huko New England.

Nyumba nyingi, hata hivyo, zilipikia mekoni tu. Huko unga ulitandikwa kwenye kuta za chungu, nyama na mchuzi vikamiminwa katikati, na makaa yakawekwa juu ya mfuniko. Wazawa wa Wajerumani wa Pennsylvania waliliacha ganda kabisa: pai yao ya chunguni ni mchuzi wa kuku wenye vipande vya mraba vya unga, na mpaka leo hawakubali kwamba kuna kasoro.

Kisha pai ikarudi dukani. Mwaka 1951 kampuni ya Swanson ya Omaha, Nebraska, ilianza kuuza pai ndogo za kuku zilizogandishwa, kila mlaji na yake. Zikawapendeza waliochoka na kazi, na kwa Wamarekani wengi waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndiyo pai ya utotoni. Lakini ile hofu ya London haikufa. Oktoba 2007 kampuni ya ConAgra iliondoa sokoni pai zake zilizogandishwa baada ya wateja kuugua kwa bakteria wa salmonela. Tanuri za mikrowevu zilikuwa zikipasha joto upande mmoja na kuacha mwingine mbichi.

Sheria ya Marekani sasa inataka pai ya kuku ya kiwandani iwe na nyama iliyopikwa isiyopungua asilimia 14. Simmons angeitazama na kuuliza kuku wengine watano wako wapi. Anayetaka zaidi ya hiyo asilimia 14 na akande unga wake mwenyewe.