Koti jeusi lililovuliwa Kansas City

Oktoba 1965, katika mkutano mkuu uliofanyika Kansas City, jimbo la Missouri, kijana Mweusi kutoka Texas aitwaye Adolphus Pinson alivua koti lake jeusi la kodrai lenye maandishi ya dhahabu, akavaa la bluu. Alikuwa rais wa NFA, yaani Wakulima Wapya wa Marekani, chama cha wanafunzi Weusi waliosoma kilimo sekondari. Baada yake hakuna aliyekuwa rais wa chama hicho tena. NFA, yenye wanachama zaidi ya 50,000, ilikuwa imeunganishwa na FFA, Wakulima wa Kesho wa Marekani, chama cha wenzao Weupe, na ikaishia humo.

Historia ya koti lile inaanzia mwaka 1917. Februari mwaka huo Rais Woodrow Wilson alitia saini sheria ya Smith-Hughes, iliyobeba majina ya wanasiasa wawili wa Georgia, seneta Hoke Smith na mbunge Dudley Hughes. Kwa sheria hiyo serikali kuu ilianza kutoa fedha za kufundishia kilimo, ufundi na maarifa ya nyumbani katika shule za sekondari. Upande wa kilimo liliwekwa sharti ambalo kwangu ndilo chimbuko la yote yaliyofuata: mwanafunzi afanye kazi ya shamba kwa vitendo, akisimamiwa, angalau miezi sita kwa mwaka. Basi kila kijana akawa na mradi wake nyumbani. Huyu alikuwa na nguruwe na watoto wake, yule ekari ya mahindi, mwingine kuku wa mayai. Mwalimu alipita boma kwa boma, hata wakati wa likizo, akikagua banda na daftari la hesabu: chakula kilinunuliwa kwa kiasi gani, mayai yaliuzwa kwa bei gani, kilichobaki ni kiasi gani.

Waliosoma shule zetu wanalikumbuka shamba la shule. Ulikwenda na jembe kutoka nyumbani, ukalima, na mavuno hukujua yameishia wapi; kwa wachelewaji shamba lilikuwa adhabu. Kule nguruwe alikuwa wa mwanafunzi mwenyewe. Naamini hapo ndipo hamu ya vijana hao kukutana, kushindana na kuchaguana uongozi ilipotoka.

Vyama vyote viwili vilichipuka Virginia, kila kimoja upande wake wa mstari wa rangi, kwa sababu shule zenyewe zilitenganishwa kisheria. Weupe walianza katikati ya miaka ya 1920 kule Blacksburg, chini ya Henry Groseclose na wenzake, na tarehe 20 Novemba 1928 wanafunzi 33 kutoka majimbo 18 wakakutana katika hoteli moja ya Kansas City kuunda FFA ya taifa. Koti la bluu lilikuja 1933, baada ya bendi ya vijana wa Fredericktown, Ohio, kutokea mkutanoni wakiwa wamelivaa na kila mtu akalitaka.

Kwa Weusi kazi ilianza 1927 katika chuo cha Virginia State, karibu na Petersburg. Walimu G. W. Owens na J. R. Thomas ndio walioisuka, huku H. O. Sargent, ofisa wa elimu ya kilimo wa serikali kuu, akiisukuma. Majimbo ya kusini yakafuata moja baada ya jingine, na Agosti 1935 NFA ya taifa ikazaliwa Tuskegee, Alabama, katika chuo alichokijenga Booker T. Washington.

Jina la Tuskegee lilikwisha kufika Afrika Mashariki. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mjumbe wake, ilizunguka nchi zetu ikipendekeza mafunzo ya kilimo na ufundi ya aina ile ya Tuskegee, na mwaka uliofuata shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, nje ya Nairobi, kuwaandaa walimu wa vijijini. Wako walioona kwamba elimu hiyo ni njia ya kumbakiza Mweusi kwenye jembe. Msomi Mweusi W. E. B. Du Bois alikuwa ameibua hoja ya namna hiyo dhidi ya Washington tangu mwanzoni mwa karne, na ilikuwa na uzito. Ila walimu wa NFA waliichukua elimu ile ile wakaitumia kwa jambo ambalo waliotoa fedha hawakulikusudia.

Mtazame kijana wa Alabama wa miaka ya 1940. Baba yake analima shamba la mtu kwa kugawana mavuno, na jina lake haliruhusiwi kuingia katika daftari la wapiga kura. Jioni, darasani, mwanawe anaongoza kikao. Anafungua mkutano kwa utaratibu, anapokea hoja, anauliza nani anaiunga mkono, anahesabu kura, na katibu anaandika muhtasari. Mwaka huu amechaguliwa. Mwakani anaweza kushindwa na mwenzake. Bodi za elimu za majimbo, zilizokuwa mikononi mwa Weupe, ziliwapa shule za Weusi fungu dogo la fedha za Smith-Hughes, lakini demokrasia ile haikuhitaji fedha nyingi.

NFA ilikuwa na mashindano ya hotuba na ya kuimba kwa sauti nne. Ngazi zake zilianzia Kibarua wa Shamba, zikapanda kwa Mkulima Aliyeendelea na Mkulima wa Kisasa hadi Mkulima Bora. Nembo yake ilikuwa na tumba la pamba lililofunguka, plau, jua linalochomoza, na bundi, ndege ambaye kwetu hatakiwi hata kutua paani, lakini kwao alisimamia hekima.

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipiga marufuku ubaguzi katika shughuli zilizopokea fedha za serikali kuu, na vyama viwili havikuweza kubaki mbalimbali. Ubaguzi ulistahili kufa, na sina chozi kwa ajili yake. Kinachoniuma ni namna muungano ulivyofanyika. Jina lililobaki ni la FFA. Nembo, rangi, koti na ngazi za NFA vyote viliwekwa kando. Shule zilipounganishwa, walimu wengi Weusi walipoteza kazi, na idadi ya vijana Weusi katika chama ikaporomoka. Waliokuwa wamezoea kuchaguliwa marais kwao wakajikuta wachache katika ukumbi wa wengine.

FFA iliwafungulia wasichana mlango 1969. Mwaka 2024 wanachama wake walipita milioni moja.

Rais wa kwanza Mweusi wa FFA, Corey Flournoy, alichaguliwa 1994, miaka 29 baada ya Pinson kubadili koti. Hakutoka katika mashamba ya pamba ya kusini. Alitoka katika shule ya sekondari ya kilimo ya jiji la Chicago, iliyofunguliwa 1985 kwenye ekari 72 katikati ya makazi ya watu, na akawa pia mwanafunzi wa kwanza wa mjini kushika kiti hicho.